Ile Roketi ni ya Nani?

Simu ilizungushwa mkono kwa mkono baada ya kahawa. Tulikuwa barazani kwa ami yangu, Gongoni, kaskazini ya Malindi, siku za mwanzo za Januari 2025, na kila aliyeipokea aliinama, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaguna, akampa mwenzake. Pichani palikuwa na duara la chuma limelala vichakani, na wanakijiji wamelizunguka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa.

Lilikuwa limeanguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba. Kipenyo chake mita mbili na nusu, uzito wake kilo 500 hivi. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuwa limekwisha kutoa taarifa kwamba hiyo ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi kwenye hewa ya dunia, au huangukia baharini.

Barazani kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema bomu. Mwingine akataka kujua chuma cha namna hiyo wanunuzi wa skrepa wangekipima kwa shilingi ngapi kilo. Ami alikaa kimya mpaka simu ikamfikia, akaitazama bila kukuza chochote, akairudisha.

"Hicho cha roketi," akasema. "Wakati ule wakirusha zao, sisi tukikatazwa kutoa mashua. Zilikuwa zikienda juu. Sasa naona zinarudi."

Mpwa wangu wa kidato cha pili akacheka. "Babu, nani alirusha roketi hapa?"

Ami hakujibu. Alinyoosha mkono upande wa bahari, kuelekea Ras Ngomeni, kama anayeelekeza njia ya dukani. Kijana akaamua mzee anamtania. Akaingia mtandaoni kutafuta, na baada ya dakika chache kicheko kikamwisha. Akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka, na ambalo nimekuwa nalo kichwani wiki zote hizi.

"Kwa hiyo hizo roketi zilikuwa za nani?"

Roketi ya jikoni

Mjini leo ukisikia mtu anataja roketi, mara nyingi haendi nayo angani. Redioni ni vita: roketi zimerushwa huku, zimetunguliwa kule, na mtangazaji huchanganya roketi na kombora kana kwamba ni kitu kimoja. Usiku wa kuamkia mwaka mpya ni fataki, ile yenye kijiti kirefu ambayo watoto huichomeka kwenye chupa ya soda. Na ukiingia mkahawa wa pizza Malindi, rocket ya kwenye menyu ni majani. Shangazi yangu aliletewa pizza iliyotandazwa majani hayo mabichi, ambayo Waitaliano huyaita rucola, akaonja moja, akayakusanya yote pembeni ya sahani na kuuliza nani amempa chakula cha mbuzi.

Lakini roketi inayofanya kazi kila siku katika ukoo wetu iko jikoni kwake.

Jiko la roketi si geni kwenu. Kwa nje ni pipa la matofali au udongo, limesimama wima, lina mdomo mdogo chini. Siri iko ndani. Njia ya moto imepinda: inaingia kwa ulalo, inakata kona, inapanda juu hadi kwenye sufuria. Mdomoni kuna kibati kinachoigawa nafasi mara mbili. Kuni hukaa juu ya kibati, hewa hupita chini yake. Zinaungua ncha tu, na shangazi huzisukuma kidogo kidogo kadiri zinavyoliwa. Kuta zimezungushiwa kitu kisichopitisha joto, kwa hiyo kale kachumba ka moto kanawaka vikali mpaka moshi wenyewe unaungua kabla ya kufika kwenye sufuria. Ndiyo maana masizi ni haba na kuni zinakaa. Likikolea, linanguruma.

Nguruma hiyo ndiyo iliyompa mpwa wangu wazo kwamba jiko na roketi ya kweli ni ndugu. Ni ndugu, lakini wameachana mahali pamoja. Jiko huvuta hewa ya nje. Lizibe mdomo na moto unakufa. Roketi haivuti chochote. Hubeba mafuta yake na oksijeni yake pamoja, na zile zilizorushwa kwetu zilikuwa na vyote viwili vimechanganywa na kugandishwa ndani ya bomba. Ikishawashwa haizimwi. Gesi inatoka kwa nguvu nyuma, roketi inakwenda mbele, na kwa kuwa haimtegemei mtu kwa hewa, inaweza kuendelea kuwaka hata pale ambapo hakuna hewa kabisa.

Shangazi alisikiliza maelezo yote hayo akisonga sima. Akasema jiko lake lingeruka angejua.

Kwa nini Ngomeni

Waliorusha roketi hizo walikuwa Waitaliano, na hawakuja kwa sababu ya ufukwe. Huo waliupenda baadaye.

Aliyewaleta ni Luigi Broglio, profesa na mhandisi wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, ambaye miaka ya mwanzo ya sitini aliwashawishi wakubwa wa nchi yake na Wamarekani kwamba Italia inaweza kuwa na kituo chake cha kurushia. Italia yenyewe imezungukwa na majirani. Roketi ikikosea inaangukia mtu. Akatafuta pahali penye bahari tupu upande wa mashariki, karibu na ikweta. Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ilikuwa na vyote viwili.

Ikweta ina faida yake. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kadiri ulivyo karibu na ikweta ndivyo unavyobebwa kwa kasi zaidi. Aliyesimama Ngomeni, nyuzi kama tatu tu kusini ya ikweta, anasafiri kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kuinua unyayo. Roketi ikirushwa upande huohuo inaanza safari ikiwa na mwendo huo mkononi, bure. Kwa roketi ndogo, bure hiyo ni kitu kikubwa.

Kwa hiyo majukwaa yakasimamishwa baharini, juu ya miguu ya chuma, kilomita chache kutoka ufukweni. Moja likaitwa Santa Rita, jingine San Marco. Roketi ndogo ya kwanza ya majaribio, Nike Apache, iliruka kutoka Santa Rita Machi 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata miezi minne ya uhuru. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 ikapelekwa juu kutoka jukwaa la San Marco. Kati ya mwaka huo na 1988, setilaiti tisa zilipanda kutoka maji yale, zote kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout: vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine, urefu wa mita ishirini na ushei.

Nilipomwambia ami ni tisa, alikataa. Alikuwa anakumbuka nyingi zaidi. Sikubishana naye, kwa sababu roketi za majaribio zilizokwenda juu na kushuka bila kuzunguka dunia hazimo katika zile tisa, na kwa mvuvi aliyezuiwa kutoka hakuna tofauti. Anachokumbuka yeye ni asubuhi: upepo mzuri, kamba zimefungwa, na mtu amesimama ufukweni akisema leo hakuna kwenda. Sauti anasema ilikuja baada ya mwanga, ikapita kifuani kabla ya kufika masikioni.

Nikamwuliza kama waliwahi kuelezwa ndani yake kuna nini.

"Nani atueleze?"

Jina tulilopewa

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo zipatazo 140. Jina lake rasmi lilikuwa SAS-1. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo NASA, akaipa jina la siku yenyewe: Uhuru.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo msimamo wangu, kwamba Ngomeni tulitumiwa tu, ulipoanza kuyumba.

Nyota na vitu vingine vikali vya angani hutoa eksirei, lakini hewa ya dunia huzinywa zote zisitufikie. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zilizochungulia juu ya hewa kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikiipekua mbingu yote kipande kwa kipande. Ilipomaliza, orodha ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kinametameta kwa kasi isiyo ya kawaida, na kufuatiliwa kwake ndiko kulikowapa watu kitu cha kwanza walichoweza kukinyooshea kidole na kusema, kwa uzito, pengine hili ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Na Ngomeni haikuchaguliwa kwa bahati. Juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambako mionzi iliyonaswa na sumaku ya dunia inashuka chini sana na kuvuruga vipimo. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta tu inalikwepa kwa sehemu kubwa. Kuifikisha njia hiyo kutoka Florida kungehitaji kuipinda njia kule juu, na Scout haikuwa na nguvu za kuchezea. Kutoka Ngomeni ilikwenda moja kwa moja.

Yaani pwani yetu haikuwa mandhari. Ilikuwa sehemu ya chombo.

Nilijivuna kwa siku kadhaa. Kisha mpwa wangu, aliyekuwa anasoma sambamba nami, akaniletea swali jingine: data zilikwenda wapi? Zilikwenda Marekani, kwa wenye setilaiti. Hakuna aliyeiba, ndivyo ilivyopangwa. Uhuru ilikuwa yetu kwa jina, na jina halihitaji chuo kikuu wala kompyuta ya kulisoma. Nadhani lilitolewa kwa moyo mweupe, kushukuru ukarimu wa wenyeji. Ila mtu akishukuriwa kwa ukarimu ujue yeye ndiye mwenyeji, na safari ni ya mgeni.

Mwenye mzigo

Sasa turudi kwenye chuma cha Makueni.

Watu mtandaoni waligombana kuhusu asili yake. Mmoja wa wafuatiliaji wa setilaiti kule Ulaya alielekeza kidole kwenye roketi ya Ariane 5 iliyoruka mwaka 2008. Mwingine, Mmarekani, alisema haoni dalili za kuungua kwa kutosha. Lakini kilichonivuta si mabishano yao, ni sheria iliyo nyuma yake, kwa kuwa ipo, na ni kali.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema hivi: chombo cha angani kikiangukia ardhi na kuharibu kitu, nchi iliyokirusha inalipa hata kama haikufanya uzembe wowote. Huhitaji kuthibitisha kosa. Mfano unaotajwa siku zote ni Kosmos 954, setilaiti ya Kisovieti yenye kinu cha nyuklia iliyovunjikia juu ya kaskazini ya Kanada mwezi Januari 1978 na kumwaga vipande vyenye mionzi. Kanada ilidai dola milioni sita, ikalipwa tatu mwaka 1981.

Nikasema basi, hili ndilo jibu la kijana. Roketi ni ya aliyeirusha.

Halafu nikasoma tafsiri ya "nchi iliyorusha" ndani ya mkataba wenyewe. Ni nchi inayorusha, au inayoagiza kurushwa, au ambayo chombo kimerushwa kutoka kwenye eneo lake, au kutoka kwenye kituo chake.

Kutoka kwenye eneo lake.

Ichukue Uhuru uipitishe hapo. Setilaiti ya Marekani, roketi ya Marekani, wafyatuaji Waitaliano, jukwaa kwenye bahari ya Kenya. Iliporudi na kuungua mwaka 1979 haikumdhuru mtu. Ingeangukia nyumba ya mtu Indonesia au Brazili, kwa jinsi mkataba unavyosomeka, nchi ya mwenye nyumba ingekuwa na milango zaidi ya miwili ya kubisha, na mmoja wao Nairobi. Data haikuwa yetu, faida haikuwa yetu, lakini deni lingeweza kuwa na jina letu.

Hili halikuwahi kunipitia kichwani. Tumezoea kulisema jambo la Ngomeni kama habari ya kutumiwa. Kumbe kisheria tulikuwa pia wadhamini, kama mjomba anayetia sahihi mkopo wa gari asilolipanda.

Jirani yetu Shaba

Kuna waliofanya biashara mbaya zaidi. Katikati ya miaka ya sabini, kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika jimbo la Shaba, ambalo baadaye lilirudishiwa jina la Katanga. Hilo ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikijumlishwa. Kayser alitaka kutengeneza roketi za bei ndogo kwa kufunga pamoja mabomba yanayofanana, moja kando ya jingine, mengi kadiri mzigo unavyotaka. Ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe na ikaangukia bondeni. Wasovieti na majirani walikuwa wakipiga kelele kwamba hizo ni silaha, na 1979 Wajerumani wakaambiwa wafungashe.

Watu wa Shaba hawakubaki hata na jina.

Taifa-1 ilipandia California

Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilikwenda juu kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Nilikuwa macho. Malalamiko yalianza kabla hata haijatengana na roketi: tuna Ngomeni, kwa nini tupande gari la watu?

Na mimi nililalamika na wenzangu. Lakini swali hili lina jibu la kifundi ambalo siku hizi nalitoa hata bila kuombwa. Taifa-1 ilitengenezwa kupiga picha mashamba, misitu na maji. Setilaiti za kazi hiyo huzunguka kutoka ncha hadi ncha ya dunia, ili dunia ikijigeuza chini yake ipate kupita juu ya kila mahali. Kwa njia hiyo msukumo wa ikweta haukusaidii, unakusumbua kidogo, kwa sababu unakuvuta mashariki ilhali unataka kwenda kaskazini au kusini. Juu ya hayo, Scout iliacha kutumika mwaka 1994, na San Marco ilikuwa imenyamaza tangu 1988. Majukwaa bila roketi ni chuma baharini. Kiti katika gari la watu, pamoja na abiria wengine kadhaa, kilikuwa uamuzi wa busara.

Kwa hiyo ile hasira ya "wametunyang'anya ikweta" siishiki tena kama zamani. Ikweta haikwenda popote. Kilichokosekana ni watu wetu wenye ujuzi wa kusema mwaka 1970: sawa, rusheni, lakini wanafunzi wetu sita watakaa kwenye chumba cha kupokelea data. Najua ni rahisi kusema leo. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kilikuwa na miezi michache tangu kiwe chuo kinachojitegemea. Nani angetumwa?

Leo wa kutumwa wapo. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani Mei 2018, ilitengenezwa kwa ushirikiano na Sapienza, chuo kilekile cha Broglio. Kituo cha nchi kavu pale Ngomeni, ambacho sasa kina jina lake, bado kinafuatilia setilaiti na roketi za wengine. Na mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa sahihi Trento Oktoba 2016, unataja mafunzo, kupata data za uchunguzi wa dunia, na kituo cha kanda cha kazi hiyo. Kwenye karatasi ni mambo yaleyale ambayo hayakuwepo wakati wa Uhuru.

Mimi ningeanza na mafunzo, na nisingeanzia Nairobi. Kuna shule Ngomeni, Gongoni, Marereni, kando ya mashamba ya chumvi, ambako mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne akijua urefu wa Mto Rhine na asijue kilichorushwa mbele ya nyumba ya babu yake. Shule ya mpwa wangu ni mojawapo. Hili halihitaji kusubiri Roma wala bunge. Linataka basi la shule, ruhusa ya getini, na mtu mmoja wa kituoni aliye tayari kujibu maswali kwa Kiswahili. Nimeshamwandikia mwalimu mkuu. Amesema gharama ya mafuta ya basi tuzungumze na wazazi.